Kwato Mia Moja na Sitini

Alhamisi, 28 Januari 1971

Mwezi umeandama! Mwembamba kama ukucha, juu ya kilima cha Nyeri, na sisi Majengo nzima tumesimama tumenyoosha shingo kama kuku. Idi ya Kuchinja ni Jumapili tarehe saba, inshallah.

Na habari kubwa zaidi. Baada ya sala ya magharibi Mwalimu Muhammad, imamu wetu, ametangaza mbele ya watu wote kwamba mwaka huu msimamizi wa wanyama wa Idi ni Huseni. Huseni gani? Mimi! Fundi magodoro! Miaka kumi na moja kazi hii imeshikwa na Shariff mwenye duka la kona, mpaka watu wakadhani alizaliwa nayo. Kazi yenyewe si ngumu. Kupokea mbuzi na kondoo kutoka kwa Kullow, yule bwana wa mifugo wa Nanyuki, na kuwatunza uani nyuma ya msikiti mpaka asubuhi ya Idi, wakiwa wazima. Hiyo tu. Lakini Majengo yote inachinja wanyama hao, na wapo wajane hapa ambao nyama yao ya mwaka ni hiyo.

Shariff amenipa mkono. Akasema hongera ndugu yangu, ila kumbuka mnyama si godoro, ukikosea huwezi kumfumua ukamshona upya. Nimecheka kwa adabu. Wivu mtupu.

Jambo moja linaniharibia furaha. Barabara! Wiki jana walikuja na tangi, wakanyunyiza lami nyembamba kama maziwa kwenye chai ya mtu bahili. Wakarusha kokoto juu yake kwa sepetu. Wakaenda. Tumengoja rola ije ishindilie. Rola gani! Sasa kila gari likipita, kokoto zinaruka na vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria. Mimi ninajaza magodoro sufi barazani. Hezekiah, jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, amerudisha godoro lake jipya leo. Ati amelala siku tatu na kitu kinamchoma ubavuni. Nimelifumua mbele yake. Kokoto, kubwa kama yai la njiwa. Akaniuliza kama siku hizi nauza magodoro kwa uzito.

Ijumaa, 29 Januari

Leo barabara imemwangusha Bi Mwanaisha. Huyu ni bibi wa Majengo nzima, mjane, hana meno mengi lakini ulimi wake ni mzima. Alikanyaga kokoto, zikazunguka chini ya viatu vyake kama maharagwe, akakaa chini katikati ya njia. Goti limechunika. Nimemshika mkono mpaka kwake. Njia nzima anasema: yeye amepita Emajensi yote ya Mwingereza bila mkwaruzo, na sasa atauawa na kijiwe.

Msikitini nako aibu. Watu wameingia na lami kwenye nyayo na mkeka mpya una madoa meusi kuanzia safu ya kwanza hadi ya mwisho. Mwalimu ameukunja uso. Mimi nimeona uchungu. Mtu aliyepewa amana na jamaa zake hawezi kukaa tu akitazama.

Nimekwenda kwa miguu mpaka karibu na Ruring'u, nikamkuta Theuri, nyapara wa kazi ya barabara, ameketi juu ya pipa anakula hindi la kuchoma. Mtu mpole. Nikamweleza. Akasema mzee, rola iko moja tu na imeenda kule kwa wakubwa. Lakini nisijali, gari ndio rola. Zikipita zinakanyagia, mwezi moja tu tuko na lami kama ya Nairobi. Nikamwuliza: na mahali gari hazipiti? Maana magari yote yanageukia kona ya Shariff. Pale kokoto zimelala kama meza, na kila asubuhi anapafagia huku akinitazama. Huku kwetu chini, upande wa msikiti, hapaji kitu ila punda.

Theuri akatafuna. Akafikiri. Akasema basi mtafute kitu ya kupita.

Maneno ya maana sana. Nimerudi nyumbani mwepesi kama kijana.

Jumamosi, 30 Januari

Nimeamka nikasali alfajiri, nikachukua ubao wa kitanda na brashi. Lami haikunisumbua kupata, ipo mlangoni. Nikaandika kwa herufi kubwa: NJIA FUPI – MWEIGA. Mshale mzuri chini. Nikausimamisha kwenye kona.

Nimeiuliza nafsi yangu kama huo ni uongo. Nimejibu kwamba sikuandika popote kuwa inafika.

Na imefanya kazi! Saa tatu likaingia lori la viazi, tupu, kubwa, zito. Nilisimama barazani nikaona magurudumu yanalaza kokoto, chwaa, chwaa, chwaa. Moyo ukajaa. Kisha likafika kwenye ukuta wa msikiti, ambapo njia inaisha. Dereva akajaribu kugeuza. Magurudumu yakazunguka mahali pamoja. Yalirusha mawe kama mvua ya barafu. Vioo viwili vya dirisha letu. Birika la mke wangu Rukaya, lile la maua. Na kokoto moja imepita katikati ya kanga iliyokuwa kwenye kamba, ikaacha tundu safi la mviringo.

Dereva alishuka akauliza ni mjinga gani aliandika kibao kile. Nikakubaliana naye kwamba watu siku hizi hawana huruma.

Adhuhuri Shariff ameniletea ubao wangu mkononi. Nikamwuliza amejuaje ni wangu. Akaugeuza. Nyuma kuna chaki yangu: futi nne kwa sita, Hezekiah.

Rukaya amekusanya vipande vya birika kimoja kimoja. Baba Waridi, akasema, kuna watu mji huu wanalipwa kufikiria barabara. Wewe umepewa mbuzi. Nikamwambia mbuzi bado hawajafika. Akasema basi kaa ukiwangoja.

Jumapili, 31 Januari

Hezekiah amekwenda kanisani na shati jeupe, amerudi na shati la kijivu.

Nimejaza pipa maji, nikalilaza, nikalisukuma kama rola. Mteremko umenisaidia kuliko nilivyoomba. Hakuna mtu aliyeumia. Kuku wa Mwalimu Muhammad alikuwa mzee hata hivyo.

Mwalimu amesema amenisamehe. Ila amesema mara mbili, na mara ya pili hakutabasamu.

Jumatano, 3 Februari

Wamefika! Kullow ameleta lori lake mpaka mlango wa uani. Wanyama arobaini. Mbuzi thelathini na watatu, kondoo saba. Manyoya safi, macho yanang'aa, wanatembea kama wageni wa harusi. Kila nyumba imekuja kuchagua wake na kumfunga kitambaa cha rangi yake shingoni. Mimi nimechagua beberu mweupe, mkubwa, mwenye ndevu za heshima. Bi Mwanaisha ameletwa kwa mkono akashika mgongo wa mbuzi wake mdogo wa kahawia, akamtomasa, akasema ini lipo.

Kullow ni mtu wa maneno machache. Ameniambia mambo matatu. Maji asubuhi na jioni. Nyasi kavu, si mbichi. Na wasitoke. Hapa uani pana udongo laini, wakae hapa hapa. Yeye anarudi Nanyuki, atakuja asubuhi ya Idi. Akanishika bega akasema, Huseni, nimekuachia kama watoto. Nikamwambia lala usingizi.

Nimekaa nao jioni, nikiwatazama wakila. Nikaanza kuwahesabu, kama msimamizi anavyotakiwa. Nikahesabu vichwa. Kisha, sijui kwa nini, nikahesabu miguu.

Arobaini mara nne.

Rola ina gurudumu moja mbele. Mimi nina kwato mia moja na sitini!

Wallahi! Wazo kama hili halimjii mtu hivi hivi. Kullow alisema wasitoke, lakini alikuwa anafikiria kupotea, na wizi, na magari. Hawatapotea. Nitakuwa nao mimi mwenyewe. Na mbuzi akikaa bure siku tatu, nyama inakakamaa. Hili nimelifikiria mwenyewe lakini linaonekana kweli.

Alhamisi, 4 Februari

Siku ya ushindi. Naandika mkono ukiwa bado unanuka chumvi.

Nilichagua saa sita na nusu. Kwanza, Shariff hufunga duka saa hiyo, akala, akalala. Pili, jua la Februari linakuwa kali na lami inalainika, inametameta kama sharubati. Ukitaka kubandika kitu, unabandika gundi ikiwa mbichi. Hilo hata mtoto anajua.

Nikachukua mkebe wa chumvi, nikamwonjesha beberu wangu mweupe kidogo. Akanifuata. Wengine wote wakamfuata yeye. Tukatoka! Mimi mbele na mkebe, jeshi nyuma. Mlio wa zile kwato kwenye kokoto, daftari langu, sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo nje ya msikiti. Kokoto zilikuwa zinazama kwenye lami mbele ya macho yangu. Tukapanda mpaka kona ya Shariff, tukashuka, tukapanda tena. Safari nne nzima. Barabara ilikuwa inapigwa na kwato mia moja na sitini kila hatua, bila dizeli, bila nyapara, bila kumwomba mkubwa yeyote.

Bi Mwanaisha alikuwa mlangoni kwake anauma tende. Akapaza sauti: Huseni! Nyama yangu unaipeleka wapi? Nikamwambia mazoezi, bibi. Akasema nyama haina haja ya mazoezi, mazoezi ni ya askari.

Safari ya nne walikwenda polepole. Wengine walikuwa wanainua mguu juu sana, kama mtu anayevuka matope na kanzu mpya. Uchovu. Nimewarudisha uani, nikawapa maji. Wamelala mapema.

Barabara nayo, nimeitazama jioni. Kokoto zimepungua sana juu. Zimeingia ndani! Theuri akiona atavua kofia.

Ijumaa, 5 Februari

Mola wangu nisitiri.

Asubuhi nimekwenda na ndoo. Mbuzi wamesimama. Wote wamekuwa warefu. Nikafikiri macho yangu yana usingizi. Nikainama.

Wamevaa viatu. Kila mguu una kipande cha lami kilichoganda usiku kwa baridi, kigumu kama chuma, na ndani yake kokoto, tatu, nne, tano, na kati ya vidole vya kwato nako zimejaa. Kokoto hazikuingia barabarani. Ziliingia kwa mbuzi! Nimemvuta beberu mweupe kidogo. Akatembea hatua mbili kama mzee aliyevaa viatu vya mkewe, akasimama, akanitazama. Sitasahau alivyonitazama.

Arobaini. Wote wanachechemea.

Nikajiambia si kitu, leo ni Ijumaa, Idi ni keshokutwa, lami itachakaa. Nikaenda kwenye sala nikakaa safu ya nyuma. Na Mwalimu, katika hotuba zote duniani, akachagua leo kufundisha masharti ya mnyama wa kuchinja. Asiwe chongo, chongo iliyo wazi. Asiwe mgonjwa, ugonjwa ulio wazi. Asiwe amekonda mpaka hana mafuta ya mfupa. Na asiwe kilema. Hapo akatua akameza mate, sijui kwa nini. Kilema, akasema, anayechechemea mpaka wenzake wanamwacha. Huyo hafai. Huyo ni nyama tu, si ibada.

Nilitoa jasho mpaka kofia ikalowa. Niliwaza kwamba wangu hakuna anayemwacha mwenzake, wote wanachechemea sawasawa. Lakini sikuthubutu kuuliza mbele ya watu.

Nimekuja na mpango. Jumapili nitawaambia watu wachinje mnyama akiwa amelala alipo. Asisimame kabisa. Nani atajua? Nitasema ni desturi ya Nanyuki.

Jumamosi, 6 Februari

Siku ya Arafa. Nimefunga, lakini tumbo lingefunga lenyewe hata bila nia.

Mpango haukufika jua kuchomoza vizuri. Rukaya ameniletea ndoo uani, maana niliisahau nyumbani. Akawaona. Akaweka ndoo chini taratibu. Akauliza: Baba Waridi, hawa mbuzi umewafanya nini? Nikamwambia wote. Kwato, rola, chumvi, safari nne. Hakunipigia kelele. Alikaa kwenye jiwe akafunika uso na mtandio, na mabega yakawa yanatikisika, nikadhani analia. Nilipoutoa mtandio alikuwa anacheka. Halafu akaacha ghafla, akasema: na Bi Mwanaisha? Yule amengoja tangu Idi iliyopita. Hajaonja nyama humo katikati. Wewe umemharibia mbuzi wake, na kesho utamwambia nini?

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mimi mwenyewe nitavumilia kuchekwa. Lakini yule mama!

Nimetoka nikamwambia Mwalimu. Mwalimu alifumba macho kwa muda wa sura fupi. Akauliza kama kuna jambo jingine nataka kumwambia madhali nimeshaanza. Nikasema la. Akaingia ndani akatoka amekunja mikono ya kanzu, akaita watu.

Majengo nzima imekuja uani. Watu wamefunga, midomo mikavu, wamekaa chini kila mmoja na mguu wa mbuzi mapajani. Tumepaka mafuta ya kupikia, tukangoja lami ilainike, tukachokoa kwa njiti na visu butu. Taratibu, maana chini yake mbuzi wamechubuka. Wa kwanza kufika alikuwa nani? Shariff. Amekuja na debe zima la mafuta kutoka dukani na matambara. Akakaa kando yangu kutwa nzima. Kila akimaliza mguu mmoja ananitupia neno. Mia moja na sitini, eh? Kwa nini hukuchukua na kuku, ukaongeza? Huseni, huyu ana kokoto saba, huyu ni barabara kuu. Hata Hezekiah, Mkristo wa watu, amekuja baada ya kusahihisha madaftari, akachokoa kondoo wawili, akiuliza kama hizi ndizo kokoto za aina ileile ninayotia kwenye magodoro.

Mpaka magharibi lami imetoka. Lakini kutembea vizuri, bado.

Jumapili, 7 Februari. Idi

Allahu akbar, Allahu akbar. Kanzu safi, watu wamejaa mpaka nje, na mimi nimesujudu kwa muda mrefu kuliko wote kwa sababu sikutaka kuinuka.

Kullow alifika kabla ya sala. Mtoto wa Nanyuki hahitaji kuambiwa. Aliingia uani, akainua mguu mmoja, akautazama. Akainua wa pili. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Akaniuliza wametembea maili ngapi. Nikamwonyesha barabara kwa kidole. Akatazama barabara. Akanitazama mimi. Akasema yeye amewaleta mbuzi kwa miguu kutoka kaskazini mpaka Nanyuki, siku kumi na nne, mawe matupu, kiu, fisi, na hakuna aliyefika akichechemea. Nyeri, kwenye njia ambayo mtu anaweza kutema mate yakafika ng'ambo, arobaini.

Baada ya sala Mwalimu akawapanga watu safu mbili, na kila mnyama akapitishwa katikati kama gwaride, yeye akitazama miguu tu. Huyu? Anachechemea. Arudi. Huyu? Arudi. Kila "arudi" iliniingia kama sindano ya godoro. Waliopita ni sita. Sita! Wamechinjwa, wakagawiwa vipande vidogo kwanza kwa wajane, na havikutosha hata wao. Mbuzi wa kahawia wa Bi Mwanaisha alirudi, na Bi Mwanaisha alipewa kipande cha mfupa wa shingo wa mbuzi wa mtu mwingine.

Mwalimu akasema muda haujaisha. Kuchinja kunaruhusiwa mpaka Jumatano jua likizama. Atakayepona kabla ya hapo, atafaa. Macho yote yakaenda kwa Kullow. Wanyama ni wake kuwapakia akitaka, maana hulipwa wakishachinjwa, na soko la Nanyuki halimwulizi mbuzi kama anachechemea. Akatazama lori lake. Ndipo Bi Mwanaisha akajikongoja mpaka mbele yake, mfupa wake wa shingo kwenye bakuli, akasema: mwanangu, mimi nimengoja mwaka. Siku tatu nitangoja nimekaa.

Kullow akaweka mkono kifuani. Akasema atabaki. Kwa ajili ya mama huyu, akasema, si kwa ajili ya fundi.

Halafu akasema wanataka kulala mahali laini, udongo huu una vijiwe vyake. Majengo hii kuna kitu gani laini?

Watu wote wakageuka wakanitazama.

Jumatatu, 8 Februari

Magodoro kumi na moja yako uani. Yale ya kuuza, na la kwetu. Mbuzi wamelala juu yake wakicheua kama masultani. Mimi na Rukaya tumelala mkekani. Kullow tumempa chumba cha Waridi, binti yetu aliyeolewa, naye amekataa godoro, ati amezoea chini.

Wamepita tisa leo. Watu wanakuja kila saa kutazama wagonjwa. Shariff anawasugua kwato na maji ya chumvi. Nimemwambia chumvi ni yangu. Akasema ndiyo, ndiyo iliyoanza.

Jumatano, 10 Februari

Jana kumi na saba. Leo mpaka alasiri saba, na wa sita kati yao alikuwa mdogo wa kahawia. Alipita katikati ya safu akiruka, kweli aliruka, na Majengo nzima ikapiga vigelegele kama bi harusi anaingia. Bi Mwanaisha aliinuka mwenyewe. Alishika ukuta. Ini lake amelila likiwa bado linatoa moshi.

Akabaki mmoja. Beberu mweupe, wangu. Yeye ndiye aliyekuwa mbele safari zote nne. Nimembembeleza, nimemkanda, nimemsomea dua. Saa kumi na mbili kasoro amesimama, akatembea hatua tano vizuri, watu wakazuia pumzi. Ya sita akainua mguu. Jua likazama.

Nyumba moja tu katika Majengo haikuchinja mwaka huu, nayo ni ya msimamizi wa wanyama.

Nimekaa barazani. Kisha Bi Mwanaisha akaja polepole, goti lake bado limefungwa, na sahani chini ya kitambaa. Mguu mzima. Nikamwambia bibi, mimi ndiye niliyekuchelewesha. Akasema anajua, kila mtu mpaka Ruring'u anajua, kula. Nikala. Nimelia kidogo, si haba. Akangoja mpaka nimalize, akachukua sahani yake, akasema: sasa Huseni kaa ndani.

Alhamisi, 11 Februari

Asubuhi Mwalimu ametangaza kwamba usimamizi wa wanyama unarudi kwa Shariff, mwakani na miaka yote Mungu atakayompa. Nimeitikia amina kwa sauti. Heri hivyo. Mtu hawezi kuchunga mbuzi na barabara kwa pamoja.

Kwa sababu, daftari langu, nimetoka leo kuitazama barabara kwa utulivu. Kokoto hakuna! Zilitoka na mbuzi, zimebaki uani na kwenye magodoro yangu. Kuanzia msikitini hadi kwa Shariff ni lami tupu, nyeusi, safi kama sahani. Hakuna vumbi. Hakuna jiwe linaloruka. Mchana inanata kidogo, ni kweli. Hezekiah ameacha kiatu kimoja katikati ya njia na kukiondoa imebidi aje na koleo. Lakini hiyo ni dalili ya lami yenye nguvu.

Kwa hiyo kazi ilifanyika. Ni mnyama tu ndiye sikuchagua vizuri. Nimelala macho nikilitafakari hilo, na nimeona kosa lilipo. Mbuzi ana ukwato mdogo, mgumu, uliopasuka katikati. Kokoto itaacha kuingia hapo kwa nini? Hata mbuzi mwenyewe ni wa kulaumiwa kidogo.

Kullow amempakia beberu mweupe kurudi naye Nanyuki. Nilimpelekea chai kwenye lori. Nikamwuliza, kwa mazungumzo tu, ngamia ana uzito gani. Akasema mkubwa anashinda ng'ombe wawili. Na mguu wake? Akasema mguu wa ngamia hauna ukwato kama wa mbuzi, ni laini, mpana kama sinia, hauzami kwenye mchanga. Akaanza kunywa chai. Kisha akasimamisha kikombe hewani. Akanitazama. Akaniuliza kwa nini nataka kujua. Nilipofungua mdomo alikuwa tayari amewasha lori, na kikombe changu ameondoka nacho.

Laini. Mpana kama sinia. Anashinda ng'ombe wawili!

Barua nimeshaiandika, kwa heshima zote, na kumjulia hali beberu. Nimeomba kumi tu kwa kuanzia. Nimemsihi wafike saa sita, jua likiwa kali.